Kompyuta Niliyonunua Wakati wa Eda

Binti yangu alikuwa amekaa eda nyumbani kwangu Chumbageni nilipokwenda kumnunulia kompyuta. Naanza hapo kwa sababu asingekuwa katika eda angekwenda dukani mwenyewe, na leo nadhani angekuwa bado Tanga.

Mumewe alikuwa mtu wa Pemba. Yeye na mwenzake mmoja walikuwa na kiofisi cha kuchapa kule Mabawa, na binti yangu ndiye aliyekuwa akiwachorea. Kadi za harusi, vibao vya maduka, karatasi za kubandika kwenye chupa za asali, picha za watu wanaotaka udiwani. Ukiona kitu kimechapwa mjini hapa kikapendeza, huenda ulikuwa mkono wake. Asubuhi moja mume alianguka pale ofisini, na kesho yake tulimzika. Mwenzake akabaki na ofisi na kompyuta iliyokuwamo, kwa kuwa walianza pamoja na hapakuwa na maandishi. Mwenye nyumba waliyopanga akaitaka nyumba yake. Ndipo binti akaja kwangu kukaa eda, yeye na mtoto wake mdogo wa kike, katika chumba kile kile alichokulia. Mama yake alitangulia mbele ya haki zamani, na ndugu hana.

Wakwe zake walikuja mazishini wakakaa mpaka hitima. Siku ya kuondoka mama mkwe alikaa nami barazani, ushungi umemfika machoni, akasema kwa upole.

"Mwenzangu, sisi hatumkokoti mtu. Eda ikisha, kama mkwe wangu ataweza kujitazama yeye na mtoto, na akae hapa kwao. Akiwa hawezi, kwetu kuna nyumba, kuna shamba, na bibi nipo. Mtoto wa mwanangu asile kwa kubahatisha."

Sikuona ubaya katika maneno yale. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Pensheni yangu ya ukarani inamtosha mzee mmoja asiyependa nyama, na kila mtu aliyekaa baraza ile alilijua hilo.

Kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya mikono ya binti yangu. Naye hakuwa na wasiwasi na mikono yake. "Nikipata kompyuta, Baba, kazi ninazo," aliniambia tukinywa chai. Mama mmoja mwenye duka kubwa la kanga mjini alikuwa akitafuta mchoraji. Michoro hupelekwa kiwandani nje ya nchi, kanga zikarudi kwa marobota. Alikuwa tayari kumpa binti kanga moja ya majaribio, ya bi harusi, na ikipendwa angempa na nyingine kila msimu. Binti akatoa bangili zake za mahari akaniwekea mkononi. Nikaziuza.

Kisha akanifundisha. Alinifundisha kama anavyofundishwa mtoto anayetumwa dukani, lakini kwa adabu, ili isionekane kwamba anamfundisha baba yake. Alinipa flashi yenye picha ya kanga nyekundu.

"Waambie wakufungulie hii. Halafu, Baba, inamisha kichwa huku na huku. Nyekundu ikibaki nyekundu, hiyo ni nzuri. Ikigeuka, iache."

"Nitaipiga jicho."

"Zipo za bei nafuu na zipo za kazi. Za kazi ni nzito, nyingi zimekwisha kutumika huko Ulaya. Usiogope iliyotumika." Kisha akaongeza, "Lakini wewe ndiye utakayeona, Baba."

Katika yote aliyoniambia, hilo la mwisho ndilo nililotoka nalo mlangoni.

Hapa inanibidi nieleze jambo la kwetu. Baba yangu alikuwa na duka Mkwaja, na babu yangu kabla yake, tangu wazee wetu walipokuja kutoka Omani. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyuma ya meza ya baba kabla sijapata ukarani mjini. Baba alinifundisha kwamba bidhaa nzuri haihitaji mdomo. Mwenye duka akikusifia kitu, kitu hicho kimemkwama, anatafuta wa kumtwisha. Na alijua alilolisema. Nilimwona kwa macho yangu akiusifu mchele wenye fukusi mpaka mteja akaona haya kuondoka bila kuununua. Nimeishi na ilimu hiyo maisha yangu yote, na mara nyingi imenifaa. Kwa ilimu hiyo nimenunua baiskeli, mabati na mbuzi wa akika.

Duka lilikuwa Ngamiani. Mwenyewe alikuwa kijana wa Kipemba, mpole, na pembeni palikuwa na fundi wa simu ameinamia kazi yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka laptop ya kuchorea."

"Kuchorea nini, mzee wangu? Za kuchorea nazo zina daraja."

"Kanga."

Hakuuliza zaidi. Aliinama chini ya meza akatoa moja nyeusi, nene, nzito kama tofali, mfuniko una mikwaruzo na alama ya karatasi iliyobanduliwa. Zilizokuwa zikiuzwa zote zilipangwa rafuni juu. Sikujiuliza kwa nini hii ilikuwa chini ya meza.

"Hii ni ya watu wa kazi," alisema. "Imetumika, sikufichi. Lakini kioo chake hakisemi uongo, na ina nguvu. Ukiipa picha kubwa haigandi."

"Na ile?" Nikaonyesha moja rafuni, nyembamba, rangi ya fedha, bado ina nailoni yake.

"Ile ya mwanafunzi. Aandike, atazame filamu. Kwa rangi, mzee wangu, ile humpaka wanja kila mtu."

"Ya mwanafunzi ndiyo mpya, ya watu wa kazi ndiyo kuukuu?"

"Ndivyo ilivyo."

Nikauliza bei. Kuukuu ilikuwa juu kuliko mpya, tena si kidogo. Nikacheka.

"Kijana, mimi nimekulia dukani. Tangu lini?"

"Mzee wangu, ukiwekewa mlango wa mvule wa zamani na mlango mpya wa ubao wa sanduku, utabeba upi?"

Fundi wa simu akadakia bila kuinua kichwa. "Mwache mzee. Kaonyeshwa mke mkubwa, macho yake yako kwa kigoli."

Watu wawili waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, huku nimekwisha kukasirika. Ule mfano wa mlango ulikuwa mzuri mno. Baba yangu asingeweza kuutunga vizuri zaidi, na hilo ndilo lililonitia shaka.

Nikatoa flashi. Kijana akafungua picha kwenye zote mbili, akaziweka bega kwa bega. Nikainamisha kichwa kama nilivyoagizwa. Kwenye nyeusi, nyekundu ilikaa mahali pake. Kwenye ile ya fedha, nilipoinama kushoto ilipauka, nilipoinama kulia ikaingia weusi. Niliona. Siku hizi watu wakinipa udhuru wa uzee huwa nataka kuukubali, lakini niliona. Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati, nikajiambia ni mtoto wa jicho.

"Nipe ile mpya," nikasema.

"Mzee, nakuomba. Ukiondoka na ile utanitia lawamani."

"Lawama ya nani?"

Akafungua kinywa, akakifumba. Alitazama simu yake iliyokuwa juu ya meza, kisha akanitazama mimi.

"Basi, mzee wangu. Mteja ni wewe."

Nilirudi nyumbani na boksi jipya na chenji mfukoni, nikiwa na furaha ya mtu aliyeponea mtegoni. Nilimwekea binti chenji kwanza, aone nilivyofanya biashara. Kisha akafungua boksi. Aliifunua ile kompyuta, akaiwasha, akaegemea huku, akaegemea huku. Uso wake ulishuka kidogo tu, kama taa umeme unapopungua, kisha ukarudi.

"Ilikuwa hii tu, Baba?"

"Hii tu. Za kazi zimekwisha, mpaka mzigo mwingine uingie."

Uongo ule haukunigharimu hata kuvuta pumzi. Nilikuwa nimeuona uso wake, nikajua nimekosea, na mtoto wa duka hawezi kurudi dukani kusema amekosea kununua. Yeye akainamisha kichwa.

"Ahsante, Baba. Mungu akuzidishie."

Akaanza kazi. Aliiweka kompyuta juu ya sinia lililofunikwa, ipate upepo, kwa kuwa ilikuwa ikipata moto mapema. Kanga ni mchoro mkubwa, una pindo kuzunguka, una mji katikati, una maneno yake, na kiwanda huutaka katika kipimo kikubwa. Kompyuta ilikuwa ikiganda. Alikuwa akichora jani moja la pindo, anangoja, anachora jingine. Kabla ya kuhifadhi kazi alisema bismillahi, nami nilikuwa nikimsikia kutoka sebuleni, na mara nyingine baada ya bismillahi kilifuata kimya, kisha pumzi ndefu, kisha anaanza upya. Mtoto aliambiwa asikimbie ndani ya nyumba mama akihifadhi, kana kwamba kishindo cha miguu kingeidhuru mashine. Alitii, maskini. Alikuwa akinyata.

Rangi ndiyo iliyomtesa zaidi. Alikunja kanga yake ya harusi akaiweka kando ya kioo, awe analinganisha. Akikaa wima nyekundu ni hii, akichoka akaegemea ukuta ni nyingine. Ilikuwa imefifia kwenye kioo, basi yeye akawa anaikoleza, na kuikoleza tena, mpaka ikafanana na ile iliyokunjwa. Alipeleka picha kwenye simu, simu ikamwonyesha jambo jingine. Kutoka kwenda kuchapisha sampuli hakuweza, na alipotaka kunituma mimi niliona ni kusumbuka bure. "Wewe unajua rangi," nilimwambia. "Iamini mikono yako."

Mchoro ukaenda. Eda ikaisha, akaoga, akabadili nguo, majirani wakaja kumpa mkono. Baada ya hapo kanga zikaja.

Yule mama wa duka alikuja mwenyewe na doti moja mkobani. Alikaribishwa, akakaa, akakunjua kanga juu ya mkeka. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu karibu na mlango.

"Binti yangu," alisema, "mimi niliagiza nyekundu ya bi harusi. Hii ni damu ya mzee."

Ilikuwa kweli. Wekundu ulikuwa umezama, mzito, na majani ya pindo aliyoyachora moja moja yalikuwa yamepotea ndani ya weusi, huyaoni mpaka uibebe kanga juani.

"Ni kosa langu, mama," binti alisema.

"Kuchora unajua, hilo silikatai. Lakini mwanamke wa Tanga hanunui kanga ambayo lazima aulize rangi yake. Ninazo marobota. Nitaziuza kwa watu wa mbali, kwa hasara yangu." Akanywa maji aliyopewa, akaiacha ile doti pale mkekani kama zawadi, na kazi iliyofuata akampa mchoraji wa Dar es Salaam.

Nilikuwa mle chumbani. Binti hakusema neno juu ya kioo, wala kompyuta, wala hakunitazama.

Muda si mrefu chaja ya ile kompyuta ikafa, nami nikajitolea kwenda kutafuta nyingine, angalau nifanye jambo. Nikarudi kwa kijana yule yule wa Ngamiani. Alinipa chaja, akaifunga kwenye karatasi, akauliza dada hajambo.

"Unamjua?"

"Kwa simu tu, mzee wangu. Sasa eda imeisha naweza kusema." Alishusha sauti, ingawa dukani tulikuwa sisi wawili tu. "Asubuhi ya siku ile uliyokuja, alikuwa amekwisha kunipigia. Nilimtumia picha na habari zote za ile nyeusi, akaichagua, akaniambia niiweke chini ya meza, baba yake anakuja. Akanisihi nisiseme. Alisema, baba yangu ni mtu mzima, asijione ametumwa kubeba mzigo. Na mwenyewe yuko katika eda, hakutaka isikike kwamba anaongea na vijana kwenye simu."

Niliifungua ile karatasi ya chaja, nikaifunga tena.

"Ulipoondoka nilimpigia. Nilimwambia mzee amechukua ile nyingine, nimkimbilie? Akasema, mwache."

"Ile nyeusi ipo?"

"Nilimwekea kwa muda, labda mngerudi. Imekwenda."

Nilitembea kwa miguu kurudi Chumbageni. Njia nzima nilikuwa nikirudi pale nilipomwambia za kazi zimekwisha. Alikuwa na habari zote tayari. Alijua nyeusi ilikuwapo, alijua nimeonyeshwa, alijua nimeikataa, na alijua ninamdanganya uso kwa uso. Akaniombea Mungu anizidishie. Kisha akakaa mbele ya mashine ile, jani kwa jani, asinirudishe dukani nikaaibike mbele ya kijana.

Nami najijua. Angeniambia mapema kwamba amekwisha kuongea na mwenye duka, ningefoka. Mwanamke wa eda na simu. Angeniambia chukua nyeusi, usichague, ningevimba. Alikuwa amenipimia adabu kwa kipimo ninachokipenda mwenyewe.

Nilipoingia alikuwa akimsuka mtoto. "Chaja nimepata," nikasema. "Ahsante, Baba," akasema. Hayo ndiyo tuliyozungumza.

Alihangaika kwa muda. Kadi za harusi zilikuwa zikija moja moja, vibao viwili vitatu, lakini maneno ya mjini hutembea, na waliosikia habari ya kanga walikuwa wakiuliza bei kisha hawarudi. Alianza kukaanga sambusa za kupeleka dukani. Siku moja nilimkuta akiyapunguza maziwa ya mtoto kwa maji, akaniambia yamezidi uzito.

Mama mkwe alikuja mwenyewe kutoka Pemba, amebeba mchele wa shambani kwao na karafuu. Alikaa siku kadhaa, hakugusia jambo. Aliona sambusa, aliona kompyuta imefunikwa kitambaa. Siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, akasema, "Mwanangu, unaonaje?"

Binti hakumjibu yeye. Aligeuka kwangu.

"Baba, unasemaje?"

Mkwaja bado ninayo minazi ya baba. Haizai sana lakini wanunuzi wa viwanja wameizunguka miaka yote. Ningeweza kusema, kaa, mwanangu, nitauza minazi, tutanunua mashine inayostahili, utaanza tena, na yule mama wa kanga nitamwendea mwenyewe nimwambie kosa lilikuwa langu. Maneno yote hayo yalikuwa mdomoni. Lakini ili niyaseme ingebidi niseme kwanza kwa nini, mbele ya mkwe, kwamba mimi ndiye niliyemkosesha riziki na kwamba nilimwongopea. Nilitazama mkeka. Nikasema penye heri Mungu atapajaalia, kama wanavyosema watu wasiotaka kusema.

Alingoja kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akamwambia mama mkwe, "Basi twende."

Niliwasindikiza bandarini. Mtoto alikuwa na furaha ya boti. Mama mkwe aliniaga kwa heshima zote, akaniambia Pemba si mbali. Binti aliubusu mkono wangu, akanikumbusha dawa za presha ziko juu ya kabati. Nilirudi nyumbani nikaikuta ile kompyuta chumbani, juu ya sinia lake, amenifutia vumbi. Baadaye nilimpa mtoto wa jirani anayesoma, na kwa kusomea, naambiwa, ni nzuri sana.

Ilinichukua mpaka Ramadhani kumwambia. Nilipiga simu baada ya futari, nikaanza na habari za kijana wa Ngamiani, nikaeleza yote, na lile nililoliona kwa macho yangu kwenye kioo, ambalo hata kijana hakulijua. Upande wa pili palikuwa na kelele za vyombo, kisha hazikusikika tena. Nadhani alikuwa ametoka nje.

"Baba," alisema, "yale yamekwisha. Umefuturu nini?"

"Nilitaka unisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile. Umefuturu nini?"

Nikamwambia muhogo.

Hachori tena. Nilimuuliza mara moja, akasema hana nafasi, msimu wa karafuu watu wote wako shambani na kwenye majamvi ya kuanikia, na usipokuwa msimu kuna mpunga. Hakusema kwa uchungu. Sauti yake imekuwa ya watu wa kule, na hilo ni jambo la kawaida, mtu huchukua sauti ya anaokula nao.

Huwa ninapiga Ijumaa. Mjukuu ndiye anayewahi simu, na husikika akiwaambia waliomo ndani nani anapiga. Kwao kuna babu, baba wa marehemu, anayempeleka chuoni kusoma Kurani na kumchongea vitu vya kuchezea, na huyo anamwita babu. Mimi ananiita babu wa Tanga.